Kadi ya Msumarini

Jumatano jioni Mtaalamu alirudi nyumbani na uso wa mtu aliyemaliza kufua nguo za wiki nzima. Alinawa mikono, akavuta kiti, na kabla hajatia kitu mdomoni akatangaza:

"Leo nimefuta watu mia nne na kumi na wawili."

Mkewe, aliyekuwa akipakua chakula, aliacha upawa hewani. "Umewafuta? Umewafutaje?"

"Nimebonyeza tu."

"Wako wapi sasa?"

"Hawapo. Si ndiyo maana ya kufuta?"

Mama yake Mtaalamu, aliyeketi upande wa pili wa meza, alicheka puani. Alimjua mkwe wake vizuri. Neno likipita mbele yake bila kueleweka, hulishika shati mpaka lijieleze. Huyo mke alikuwa fundi cherehani wa hospitali kubwa, mwaka wa kumi na mmoja sasa, na katika chumba cha ushonaji walimwita Bi Maswali. Mama mkwe ndiye aliyempachika jina hilo. Yeye mwenyewe alikuwa msimamizi wa chumba hicho hadi alipostaafu miaka minne iliyopita, na huko alijulikana kama Bibi Uzi.

Mtaalamu alikuwa wa hospitali hiyohiyo, ila jengo la mbele, kitengo cha kompyuta. Kazi yake ilikuwa kutunza majalada ya watumishi katika mfumo. Kila mtumishi alikuwa na jalada lake: jina, picha, tarehe ya kuanza kazi na milango anayoruhusiwa kuifungua. Ukigusisha kadi yako mlangoni, mfumo unaandika kwamba fulani ameingia saa fulani.

"Wakaguzi wanakuja wiki ijayo," alieleza huku akitafuna. "Mkuu wa kitengo hataki waone mtumishi hewa hata mmoja. Nikauliza mfumo: nani hajagusisha kadi kwa siku tisini? Ukaniletea orodha. Nikaweka alama kwenye kisanduku cha juu, wote wakapata alama, nikabonyeza. Kwisha habari yao."

"Una hakika wote walikuwa hewa?"

"Mtu aliyepo hufungua mlango. Asiyefungua mlango siku tisini, niambie, yuko wapi?"

Bi Maswali aliushusha upawa. Alijipakulia kidogo, akakaa.

"Hata wewe, Mama, nimekuondoa leo," Mtaalamu aliendelea kwa furaha. "Wewe nimekufuta peke yako, kwa heshima. Umestaafu miaka minne na jalada lako bado lilikuwa hai! Tena kuna kituko. Linasema jana umefungua mlango wa chumba cha ushonaji, saa moja na dakika kumi asubuhi."

Bibi Uzi alikunywa maji, akashusha kikombe taratibu. "Basi nimekwenda usingizini."

Mtaalamu akacheka mpaka akapaliwa. Mama na mkwe hawakutazamana. Chini ya meza, mguu wa mama ulikuwa umeukanyaga wa mkwe.

Baadaye, walipokuwa wakiosha vyombo na Mtaalamu akitazama mpira sebuleni, Bi Maswali alinong'ona, "Mama, kadi yangu iko kwenye kopo la vifungo."

"Zote ziko kwenye kopo. Mimi ndiye niliyeziweka."

"Sijawahi kuigusisha hata mara moja."

"Najua. Lakini ukimwambia, itabidi aripoti kwamba mnatumia kadi ya mtu aliyestaafu. Watawafukuza ninyi, na mimi wataniita. Mnasaini kitabu kila siku, mnalipwa kila mwezi. Nani atasema hampo?"

Bi Maswali alisugua sahani ileile mara mbili. Alijiuliza kama mtu anaweza kufutwa huku anakula meza moja na mfutaji. Swali lilimchekesha, halafu likamtia baridi.

*

Historia ya kadi yenyewe ilikuwa fupi. Miaka mitano nyuma, kadi mpya zilipogawiwa, tangazo lilisema atakayepoteza ya kwake atazunguka ofisi tatu kupata nyingine. Bibi Uzi hakupenda wasichana wake wazungushwe. Akazikusanya kadi zao zikiwa bado ndani ya nailoni, akazitia kwenye kopo la biskuti pamoja na vifungo, kisha akatundika ya kwake kwenye msumari nje ya mlango, nyuma ya kalenda. Mlango mmoja, kadi moja. Anayewahi anafungua. Kadi hiyo ndiyo iliyofungua pia kompyuta ndogo ya kuandikia mashuka na magauni ya upasuaji yaliyoshonwa. Siku ya kuaga, walimpigia makofi, wakampa saa ya ukutani, na hakuna ofisi iliyokumbuka kumdai kadi. Ikabaki msumarini.

Kwa hiyo kwa miaka minne, kwa mujibu wa mfumo, mashuka yote ya hospitali yalishonwa na bibi mmoja aliyekuwa nyumbani akimwagilia maua. Mwaka jana mfumo ulimtangaza mtumishi bora wa robo ya tatu. Mafundi walicheka wakavunjika mbavu, wakakiweka cheti ukutani.

Alhamisi asubuhi hakuna aliyecheka. Bi Maswali alitoa kadi nyuma ya kalenda, akaigusisha. Taa nyekundu. Akaipangusa kwa khanga, akagusisha tena. Nyekundu.

"Igeuze," alisema Shangazi, fundi mkubwa kuliko wote, mwenye miaka kumi na saba kwenye cherehani. Nyuma yake alisimama fundi wa tatu, msichana waliyemwita Kimya kwa sababu hakuwa msemaji.

Ikageuzwa. Nyekundu. Ikabidi mlinzi wa ukumbi aje na ufunguo wa chuma. Ndani, Shangazi alimwaga kopo juu ya meza ya kukatia. Kati ya vifungo vyeupe zilikuwemo kadi tatu, safi, zinang'aa ndani ya nailoni zao. Wakazijaribu moja moja. Nyekundu, nyekundu, nyekundu.

Mlinzi alitazama kifaa chake. Alikuwa mtu mwema, na aliona haya kusema alichokuwa akisema. "Bi Maswali, hapa naambiwa hakuna mtu kama wewe. Wala wenzako. Mimi nakujua, lakini mfumo haukujui."

"Sasa tunaingiaje kazini?"

"Kama wageni. Andikeni hapa."

Akafungua daftari la wageni. Bi Maswali akaandika jina lake. Palipoulizwa *Sababu ya kuja* akaandika *Kufanya kazi*. Palipoulizwa *Mwenyeji* akakwama kalamu mkononi.

"Lazima awe mtu mwenye jalada hai," mlinzi alisema.

Akaandika jina la mumewe. Mlinzi akambandika beji ya mgeni kifuani, juu ya aproni aliyoishona mwenyewe.

"Mwanangu," Shangazi alimwambia pembeni, na sauti yake ilikuwa imepungua, "mwisho wa mwezi ndio ile orodha ya ajira ya kudumu. Walisema ni kwa mwenye miaka kumi isiyokatika, na wataitoa humohumo kwenye mfumo. Nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Kama sina jalada, nina miaka mingapi mimi?"

Hilo lilikuwa swali ambalo hata Bi Maswali asingetaka kuliuliza.

*

Hakuwahi kufika ofisini kwa mumewe. Miaka yote wametoka nyumbani pamoja na kuachana getini, mmoja mbele, mmoja nyuma kwenye udobi na ushonaji. Alimkuta kati ya skrini mbili, sweta ya kahawia imetundikwa kwenye kiti, kikombe chake cha chai kando.

Mtaalamu alitabasamu, kisha akaiona beji. "Ya nini hiyo?"

"Nitafute kwenye mfumo."

"Kuna nini?"

"Nitafute."

Akaandika jina. Skrini ikajibu: *Hakuna*. Akaliandika tena, polepole, kidole kimoja.

"Umelikosea?" Bi Maswali aliuliza.

"Jina la mke wangu siwezi kulikosea."

*Hakuna.* Akafungua orodha ya jana, ile ndefu, akashuka nayo. Mstari wa mia mbili na sita ulikuwa na jina la mkewe na picha yake ya miaka mitano iliyopita, akiwa amesuka twende kilioni. Mtaalamu aliisogelea skrini.

"Hukusoma majina?" Bi Maswali aliuliza. Hakuwa akifoka. Alitaka kujua kwa kweli.

"Mia nne na kumi na wawili! Nani anasoma? Lakini wewe, kwa nini hujawahi kugusisha kadi?"

Akamweleza yote: kopo, msumari, kalenda, usingizi wa Mama. Mtaalamu alifunika uso kwa viganja.

"Sasa tufungulie majalada," alisema Bi Maswali. "Si yapo mahali?"

Hapo ndipo alipojifunza mambo ya huko. Kulikuwa na vitufe viwili, vimekaa jirani. Kimoja *Staafisha*: jalada linafungwa, lakini historia inabaki. Cha pili *Futa*: jalada linakwenda na kila kitu chake. Utaratibu ulisema mtu astaafishwe kwanza, akae miezi sita, ndipo afutwe.

"Na wewe ulibonyeza kipi?"

"Mkuu alitaka orodha fupi. Waliostaafishwa wangeonekana bado."

"Ulibonyeza kipi?"

"Cha pili."

Iliyobaki ilikuwa nakala ya akiba, ambayo mfumo ulijinakili wenyewe kila Jumapili. Nakala ya Jumapili iliyopita ilikuwa nao wote. Jumapili ijayo nakala mpya ingeandikwa juu ya ile ya zamani, na hapo hata malaika asingewarudisha. Ili kuitumia kulihitajika saini ya Mkuu, na barua ya maelezo ya aliyefanya kosa.

"Basi andika barua."

Mtaalamu alifunga mlango wa ofisi. "Nisikilize. Naweza kukufungulia jalada jipya sasa hivi, dakika tano."

"Tarehe ya kuanza kazi itakuwa ipi?"

"Itasema leo. Lakini nitaibadilisha kwa mkono, niweke ile ya zamani. Hakuna atakayejua."

"Mfumo hautajua?"

"Utajua ni mimi niliyebadilisha. Nani atauliza?"

"Mimi nimeuliza. Na Shangazi, naye utambadilishia? Na Kimya?"

Mtaalamu alitazama mlango. "Mmoja naweza kumpenyeza. Watatu wa chumba kimoja, wakaguzi wakiwa njiani, haiwezekani."

Bi Maswali alisogea karibu na skrini, akaanza kuisoma ile orodha kutoka juu, kidole kwenye kioo, jambo ambalo mumewe hakulipenda lakini hakuthubutu kulikataza. "Huyu namjua. Huyu ni mtunza bustani, leo asubuhi nimemsalimia. Huyu yuko jikoni." Akageuka. "Hospitali hii ina makopo mangapi ya vifungo?"



*

Jioni hiyo chakula kilipoa mezani. Mtaalamu aliongea akizitazama kucha zake. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kupandishwa cheo. Barua ile ingekuwa kujichimbia kaburi kwa mkono wake. Mkuu hakuwa mtu wa kusamehe, hasa kabla ya ukaguzi.

"Na usinitazame hivyo," alimwambia mkewe. "Jana ulikaa hapohapo ulipo, ukajua, ukanyamaza. Ungesema neno moja, usiku uleule ningekwenda kwa Mkuu, kosa likiwa halina hata siku moja."

"Kweli," Bi Maswali alisema. "Niliogopa. Hilo ni langu, nalibeba."

Akaisogeza sahani yake kando.

"Lakini lako nalo nikuambie linavyoniuma. Si kule kunifuta. Watu hukosea. Kinachoniuma ni kwamba jina langu lilipita mbele ya macho yako, pamoja na picha, na hukuliona. Ukaja nyumbani, ukanipa sahani nikupakulie, ukanisimulia kama kichekesho."

Mtaalamu aliinamisha kichwa. Machozi yalimlenga, naye hakuwa mtu wa machozi.

Bibi Uzi alikuwa akiichezea kadi yake ambayo mkwe alikuwa amemrudishia. Sasa aliiweka mezani.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyewafungia watoto wa watu kwenye kopo. Nilidhani nawasaidia. Kesho nakwenda na wewe kwa huyo Mkuu. Barua unaandika, au nikuandikie kwa mwandiko wangu wa shule ya zamani?"

Mtaalamu akavuta karatasi. Aliandika, akafuta, akaandika. Mkewe alikaa naye, akimuuliza kila alipozunguka zunguka. "Hapa unaposema 'yalifutika', yalijifuta?" Akakata, akaandika: *Niliyafuta mimi, bila kusoma majina.*

*

Mkuu wa kitengo aliisoma barua mara mbili. Mara ya pili alivua miwani.

"Ukaguzi ni wiki ijayo," alisema. "Umechagua wiki hii."

Mtaalamu alisimama kama askari. Nyuma yake walikuwa mama yake na mkewe, wote wawili na beji za mgeni.

"Na hii ndiyo kadi," Bibi Uzi alisema, akaisukuma mezani. "Niliiacha mimi. Kama kuna mtu wa kushtakiwa kwa mlango ule, andika jina langu."

Mkuu aliigeuza kadi, akaitazama picha, akamtazama bibi. "Wewe ndiye mtumishi bora wa robo ya tatu?"

"Ndimi. Vidole vilikuwa vya mkwe wangu na wenzake."

Mkuu alikaribia kucheka, akajizuia, akakumbuka kuwa amekasirika. "Nitawaambia nini wakaguzi? Nimewaahidi orodha safi."

"Waambie una watu," alisema Bi Maswali. "Halafu waulize wao: mtu akifanya kazi miaka mitano bila kufungua mlango hata mara moja, kosa ni la mlango au la mtu? Mimi mwenyewe napenda kujua."

Mkuu alimtazama kama anayemwona mtu aliyekuwa amesimama pale siku nyingi. Kisha akavuta fomu, akaitia saini. Alipomaliza alivuta fomu ya pili.

"Hii ni ya kwako," alimwambia Mtaalamu. "Miezi mitatu hutakanyaga hapa. Baada ya hapo kamati itaamua. Na cheo, sahau."

Mtaalamu alisema, "Asante," na ilikuwa dhahiri hakujua anashukuru nini.

Alasiri nakala ya Jumapili ilirudishwa. Safari hii waliisoma mstari kwa mstari, mfanyakazi mwenzake Mtaalamu wa kitengo cha kompyuta akibonyeza na Bi Maswali akitambua sura, kwa sababu hakuna mwingine aliyewajua watu wa nyuma. Kati ya wale mia nne na kumi na wawili, hamsini na saba walikuwa hai, wanakuja kazini kila siku: wapishi, wafua nguo, watunza bustani, wasukuma machela. Kila kundi lilikuwa na kadi yake moja mahali fulani, chini ya jiwe, ndani ya sufuria kuukuu, mfukoni mwa koti la mtu. Bi Maswali alifurahi kuzigundua kama mtoto anayetafuta vitu vilivyofichwa, halafu alikumbuka zimemgharimu nani, furaha ikakatika.

Kabla ya kuondoka aliomba kuona jalada lake. Lilikuwa limerudi zima: jina, picha ya nywele za twende kilioni, tarehe ya kuanza, miaka kumi na mmoja bila kukatika. Chini kabisa palikuwa na mstari mdogo.

"Hii ni nini?"

"Idadi ya mara ulizofungua mlango," alisema mwenzake Mtaalamu.

Ilikuwa sifuri. Bi Maswali alijaribu kuhesabu magauni ya upasuaji aliyoshona tangu aanze, akashindwa, akazima skrini mwenyewe.

*

Mwisho wa mwezi orodha ya ajira ya kudumu ilibandikwa ukutani. Shangazi aliipitishia kidole, akalikuta jina lake, akakaa palepale sakafuni kwenye korido akalia kwa sauti. La Bi Maswali lilikuwa mistari sita chini. Kimya, ambaye miaka yake ilikuwa sita tu, alisema maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema: "Na mimi zamu yangu itafika, maana sasa nahesabiwa."

Tangu majalada yarudi, hadi siku tatu baada ya orodha hiyo, Bi Maswali hakuigusisha kadi yake. Ilikuwa shingoni, bado ndani ya nailoni. Shangazi ndiye aliyekuwa akiwahi na kufungua, kila siku akiitazama taa ya kijani kama anaonyeshwa kitu kipya. Bi Maswali aliingia nyuma yake. Hakuweza kueleza kwa nini, naye si mtu wa kukosa maelezo.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, mlinzi alimpigia simu chumba cha ushonaji.

"Bi Maswali, kuna mtu hapa mlango wa ukumbi. Anasema amekuja kuchukua sweta na kikombe chake. Kadi yake inawaka nyekundu. Jalada lake limestaafishwa."

"Halikufutwa?"

"Limestaafishwa tu. Wamefuata utaratibu. Sasa daftari linataka mwenyeji, mwenye jalada hai. Amesema niandike jina lako. Niandike?"

Alikwenda na uzi ukiwa bado umemng'ang'ania kwenye mkono wa blauzi. Kupitia kioo cha mlango alimwona mumewe amesimama upande wa nje, beji ya mgeni kifuani, mikono hajui aiweke wapi. Mtaalamu aliinua macho, akajaribu kutabasamu, tabasamu likafika nusu. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile, Bi Maswali hakusikia uchungu. Alimhurumia, na alimpenda, vyote kwa pamoja.

Alichana nailoni kwa meno. Akaitoa kadi, akaigusisha.

Kijani.

"Karibu ndani," alimwambia, akimshikia mlango. "Umesoma jina la mwenyeji wako?"

"Nimelisoma," alisema Mtaalamu. "Lote."